Ifor wa F, Ivor wa V

Kambi ya Scarnby, Lincolnshire
3 Oktoba 1943

Mama,

Mkate wa zabibu umefika salama, ila kona moja imeliwa. Kabla hujamshukia Bi Prys wa posta, ngoja: aliyeila namjua. Analala kitanda cha pili kutoka mlangoni, mimi cha kwanza, na jina lake ni Ivor Jones. Sijakosea kuandika. Yeye ni Ivor wa V, mimi Ifor wa F. Sote ni masajini, sote ni wapiga bunduki wa mkiani, ingawa kila mmoja ana ndege yake. Nilimweleza kwamba kwa Kiwelshi chetu F moja hutamkwa kama V ya Waingereza, kwa hiyo kwa mdomo majina yetu hayana tofauti hata chembe. Akacheka, akasema, "Basi wewe ni mwizi. Umeiba jina langu ukalivalisha shati jingine."

Karani wa barua ameshakata tamaa. Akiona Jones, anatupia kitanda kilicho karibu. Ndiyo maana wajina wangu aliufungua mkate wako kwa moyo mweupe kabisa. Baba yake alikuwa mtu wa kwetu, kuli wa bandari ya Cardiff, lakini wazazi wote wawili walikufa akiwa mdogo, akalelewa kwenye nyumba ya yatima. Kiwelshi hajui neno, isipokuwa matusi mawili niliyomfundisha juzi. Usimwambie mchungaji.

Umeuliza habari za kazi. Nimemaliza safari tisa za mabomu. Zikitimia thelathini, wanakupumzisha. Nakaa kwenye kibanda cha kioo mkiani, peke yangu, mgongo nimewapa wenzangu, natazama kule tulikotoka. Kazi yenyewe ni kutoamini. Kila doa jeusi angani ni adui mpaka lithibitike si adui. Rubani wetu anasema nimezaliwa kwa kazi hii. Nikamwambia hapana, nimelelewa kwa kazi hii, na angekuwa na mama kama wangu angenielewa.

Baridi ya huko juu haisemeki. Nitumie soksi. Jozi moja nimemwazima Ivor, zake zina matundu kama chujio.

Mwanao,
Ifor


Hafod Las
10 Oktoba 1943

Ifor,

Bahasha yako imefika na unyevu kwenye gundi. Bi Prys anasema ni mvua. Mvua gani hiyo inayonyesha kwenye gundi tu? Hii yangu nimeifunga kwa nta ya mshumaa. Ukikuta nta imepasuka, niambie mara moja.

Sasa huyo wa V. Mtu anayekula mkate wako leo bila kuuliza, kesho atavaa viatu vyako. Yatima namhurumia, lakini huruma haina haja ya kufumba macho. Soksi ulizomwazima zihesabu zimekwenda. Nakutumia jozi mbili nyingine, na ukingoni nimetia uzi mwekundu, kama tunavyowatia kondoo rangi mgongoni ili wakichanganyika malishoni ajulikane yupi ni wa nani. Hizi usimpe mtu.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Akianza kukuomba jambo kubwa kuliko soksi, kataa. Lugha yetu haina "hapana" ya moja kwa moja, lakini hao Waingereza wanayo, fupi kabisa. Itumie.

Yule kondoo dume mweusi ameanza tena kuruka ukuta wa mawe. Namwambia kila asubuhi kwamba ukirudi utamwonyesha cha moto. Rudi basi, nisionekane mwongo mbele ya kondoo.

Mama yako


TELEGRAMU
20 Novemba 1943

KWA BI L JONES HAFOD LAS. TUNASIKITIKA KUKUARIFU MWANAO SAJINI IVOR JONES HAJULIKANI ALIPO BAADA YA SAFARI YA MABOMU UJERUMANI 18 NOVEMBA. BARUA INAFUATA.


Hafod Las
22 Novemba 1943

Mdogo wangu Nesta,

Najua habari zimeshakufikia huko Liverpool, maana Bi Prys aliisoma telegramu kabla yangu. Watu wamejaa sebuleni tangu juzi na mikate yao, wanazungumza kwa sauti za msibani. Mchungaji aliomba sala ndefu. Nikamkatiza. Nikamwambia, "Mchungaji, mbona unamzika mtoto wa mtu mwingine?"

Soma telegramu, nimekunakilia. Ivor. Kwa V! Mwanangu ni Ifor, kwa F, na kambini kwake, banda lile lile, kuna Ivor Jones wa V, mpiga bunduki wa mkiani kama yeye. Aliniandikia mwenyewe mwezi uliopita. Makarani wao wanachanganya barua, wanachanganya mikate, watashindwa kuchanganya telegramu? Yule wa V ni yatima. Hana mama wa kupelekewa habari, basi wakatafuta mama wa Jones yeyote wakanipata mimi.

Usiniambie kwamba nimechanganyikiwa. Najua unataka kuandika hivyo, naiona kalamu yako. Hakuna mwanamke wilaya hii anayepima upya siagi ya dukani kama mimi, na kila mara nikipima nakuta pungufu. Kwa nini leo, kwa jambo kubwa hivi, nisipime?

Kamanda wa kikosi naye ameandika, karatasi moja nzuri, kwamba alikuwa kijana hodari aliyependwa na wote. Hakuna neno hata moja humo ambalo haliwezi kuandikwa kumhusu kijana yeyote duniani. Na yeye pia ameandika V.

Nimemwandikia Ifor. Ngoja uone.

Dada yako,
Lowri


Hafod Las
30 Novemba 1943

Ifor wangu,

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza hukujibu. Naandika kwa lugha yetu ili karani yeyote atakayeichungulia asiambulie kitu.

Kama upo hospitali, mwambie muuguzi aandike neno moja tu. Kama wamekukataza kuandika, kwa sababu zao za vita, nitumie soksi moja yenye uzi mwekundu, nami nitaelewa, sitamwambia hata Nesta. Kama umefanya kosa, umekimbia, umejificha, sijali. Nimesema sijali! Chumba chako kina kitanda, na dari ya zizi ina nyasi kavu za kumficha mtu mpaka vita viishe.

Kama aliyekufa ni mwenzako wa V, namwombea. Niliandika vibaya juu yake kwa ajili ya kona ya mkate. Lakini nitakuwa mnafiki nikisema sishukuru.

Mama yako anangoja.


Kambi ya Scarnby
12 Desemba 1943

Bi Jones,

Samahani sana kukuandikia bila kujuana. Barua zako mbili zimeletwa kitandani kwangu. Nilizifungua kwa sababu zimeandikwa Jones, na mwenyewe unajua hapa mambo ya Jones yalivyo. Sikuweza kusoma ndani. Nilipoona ni lugha yenu nilijua ni za nani, nikazifunga tena, na sasa nakurudishia.

Pole kwa kumpoteza Ifor. Alikuwa mtu mzuri. Sina la kuongeza.

Wako,
Sajini Ivor Jones


Hafod Las
9 Januari 1944

Bwana Jones,

Kiingereza changu ni cha shuleni na cha kuuzia kondoo, kwa hiyo utanisamehe nikisema mambo kavu.

Kwanza. Unasema u hai. Mimi nina telegramu inayosema Ivor wa V hajulikani alipo. Mmoja kati yenu, wewe au telegramu, ananidanganya.

Pili. Juzi wameniletea sanduku la vitu vya mwanangu. Ndani kuna kiko. Ifor hajawahi kuvuta. Kuna dadu mbili. Kuna picha ya msichana aliyepaka rangi ya mdomo, na nyuma ameandika, "Kwa Ivor, usinisahau, Peggy." Kuna soksi zenye matundu, mimi sijawahi kufuma tundu. Biblia yake haimo. Barua zangu hazimo hata moja. Soksi za uzi mwekundu hazimo. Hivi si vitu vya mwanangu. Ni vyako. Mtu aliye hai hatumi kiko chake kwa mama asiyemjua. Nani kafa, Bwana Jones?

Tatu. Barua yako ina mistari minane. Mtu aliyelala mita mbili kutoka kwa mwanangu kwa miezi, akala mkate wake, akavaa soksi zake, ana mistari minane tu ya kuniambia? Unasema huna la kuongeza. Watu wasio na la kuongeza hawasemi hivyo. Wanaongeza habari za hali ya hewa.

Nne, na hili ndilo ninalolitaka. Umemwona Ifor akipanda ndege ile, kwa macho yako? Nijibu ndiyo au hapana. Kiingereza kinaruhusu.

Bi Lowri Jones


Liverpool
20 Januari 1944

Dada Lowri,

Nimezisoma nakala zote ulizonitumia, na nimelia, kisha nimekasirika. Nisikilize mdogo wako mara moja katika maisha yako.

Unakumbuka Ifor alipozaliwa ukaenda kumwandikisha? Msajili alikuwa Mwingereza. Aliandika Ivor, kwa V, nawe ulimtukana mpaka akamwaga wino, na bado hakubadilisha. Kitabu chake cha mgao wa chakula kina V. Karatasi zake za jeshi zina V, nilizijaza naye mimi mwenyewe hapa mezani kwangu, tukacheka. Serikali haijawahi kumjua Ifor wa F. Huyo tunamjua sisi tu. Na wewe unalijua hilo, dada. Umelijua tangu siku ya telegramu.

Vitu vimechanganywa, sawa, hilo naliamini. Lakini vitu kuchanganywa si mtu kufufuka. Mwache huyo kijana. Njoo ukae kwangu mpaka majira ya kuzalisha kondoo.

Nesta


Kambi ya Scarnby
6 Februari 1944

Bi Jones,

Barua yako ya Januari nimeibeba mfukoni kwa wiki tatu na imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umeniuliza mambo manne. Nitajibu yote, kisha utaamua mwenyewe unifikirie vipi.

Ndiyo. Nilimwona akienda. Alivaa soksi zako, jozi zote mbili, moja juu ya nyingine, na ule uzi mwekundu ulionekana juu ya buti. Usitafute tena F na V, Bi Jones. Ni yeye. Ndege mbili zilizorudi ziliiona ndege aliyopanda, yenye herufi Q, ikiungua juu ya Ujerumani. Mkia ulikatika kwanza. Watu waliona miamvuli miwili ya kurukia ikitoka mbele. Mkiani haukutoka mwamvuli.

Sasa sikiliza alivyofika humo, maana ile haikuwa ndege yake.

Tarehe kumi na nane watu wa ndege ya Ifor walikuwa wamepumzishwa mpaka Jumapili. Ndege yangu ilikuwa kwa mafundi, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa akiba. Ubaoni waliandika "Akiba: Jones", basi, bila namba ya askari. Lakini sote wawili tulijua ni Jones yupi. Saa kumi jioni mpiga bunduki wa Q alianguka na baiskeli, akavunjika mkono. Karani akaja bandani, mpya, hatujui sura. Akafungua mlango akasema, "Jones! Q wanakusubiri, fanya haraka."

Mimi nilikuwa kitandani nimejifunika gubigubi. Sikuwa nimelala. Safari iliyotangulia niliiona ndege ya marafiki zetu ikipasuka nyuma yangu, karibu kiasi cha kuona dirisha la rubani. Tangu hapo chakula kilikuwa hakikai tumboni. Ifor alikuwa anaandika barua. Nilisikia kalamu ikisimama. Aliniita mara moja, kwa sauti ya chini: "Ivor?" Sikuitika. Karani akauliza, "Jones ni nani humu?" Ifor akasema, "Mimi."

Wala hakusema uongo, Bi Jones. Ndiyo balaa la jina letu.

Alivaa. Alipita kando ya kitanda changu, akasimama kidogo. Sijui alikuwa anatazama nini. Sikufunua blanketi kuona. Kisha akatoka, na kwa upenyo wa blanketi nikaziona buti zake na ule uzi.

Asubuhi wakaja watu wa kukusanya vitu vya waliopotea. Waliambiwa kitanda cha Jones. Mimi nilikuwa chooni. Niliporudi nikakuta kitanda changu kimebaki godoro, cha kwake kipo vile vile, na barua juu ya mto. Ningelalamika, wangeuliza kwa nini Jones aliyeandikwa ubaoni anatembea. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nalala kitandani kwake, nanyolea wembe wake. Uliwahi kumwandikia ajihadhari na mimi. Alinisomea, tulicheka sana. Ulikuwa na haki.

Ndani ya bahasha hii kuna barua aliyokuwa anaandika. Biblia na vingine vinakuja kwa sanduku. Barua hii nimekaa nayo tangu Novemba. Kuna Mwelshi jikoni na mwingine kwa mafundi, na kila nikitaka kumwomba mmoja anisomee, miguu inageuka. Neno moja tu nalitambua humo, jina langu. Ameliandika kwa V, vizuri kabisa. Liko karibu na mwisho.

Nakuomba kitu kimoja, na sistahili. Niambie amesema nini. Kama ameandika kwamba nilikuwa macho, usinifiche. Nimebakiza safari kumi na moja. Lakini ndege zinazokosa mtu wa mkiani hazikosekani hapa, na nikitaka naweza kujitolea kila moja, zangu na zisizo zangu, mpaka deni lilipike lenyewe. Nangoja jibu lako tu nijue.

Ivor Jones


Hafod Las
19 Februari 1944

Ivor,

Nimeisoma. Nakuandikia yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza, bila kuondoa kitu. Unanijua sasa, kwa hiyo unajua kwamba mimi si mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, soksi zimefika na nta haikuvunjika, mwombe radhi Bi Prys. Leo hatuendi popote. Mvua imenyesha tangu asubuhi na jiko la bandani linatoa moshi kuliko joto. Safari zimefika kumi na nne. Juzi tulipogeuka kurudi niliona mji wote umewaka nyuma yetu, na kwa kuwa nimekaa kinyume mimi ndiye niliyeutazama kwa muda mrefu kuliko wenzangu, saa nzima, mpaka ukawa kama kaa la moto. Nilifikiria kwamba huko chini nako kuna akina mama wanaofuma soksi. Usimsomee mchungaji sehemu hii. Mwambie dume mweusi nakuja Krismasi. Wajina wangu Ivor haumwi tumbo kama anavyosema. Amejifunika blanketi mpaka kichwani na anajifanya amelala, lakini vidole vya miguu vimechomoza na vinatetemeka. Namhurumia, na sijui niseme nini. Kuna mtu amefungua mlango, anaita Jones, na najua anayetakiwa si mimi, lakini wajina wangu leo hawezi, basi nitakwenda mimi. Nikirudi nitamalizia."

Hapo ndipo inapoishia.

Kwa hiyo alijua, Ivor. Hakuchukuliwa kwa makosa, na hukumwibia kitu. Alipewa nafasi ya kusema hapana na hakuitumia, ingawa nilimfundisha. Hilo ni lake na si lako kulilipa. Safari zako kumi na moja ziende kumi na moja, usiongeze hata moja. Ukiongeza utakuwa umemfanya mwanangu mjinga aliyekwenda bure.

Kiko chako, dadu na picha ya Peggy nimevifunga, vinakuja. Peggy anahitaji barua. Mwandikie leo.

Lowri Jones,
mama yake Ifor


Hafod Las
20 Februari 1944

Mdogo wangu Nesta,

Ulikuwa na haki juu ya V. Nilijua. Nilijua tangu Bi Prys aliponikabidhi ile karatasi, lakini herufi moja ilikuwa imebaki kati yangu na kaburi nikaishikilia kwa mikono miwili. Sasa nimeiachia. Ifor wangu amekufa. Nimeiandika na bado nimekaa wima.

Nakutumia barua yake halisi, uisome kisha unirudishie kwa mkono, si kwa posta. Na nakutumia nakala ya niliyomwandikia Ivor. Ziweke pamoja uzilinganishe. Utaona mwenyewe, lakini afadhali usikie kwangu kwanza.

Barua ya Ifor inaishia hivi: "Kuna mtu amefungua mlango, anaita Jones, na". Basi. Neno la mwisho ni na. Hakuna nukta, hakuna kitu. Nimeigeuza karatasi. Nimeishika dirishani, nimeipitisha juu ya mshumaa kama karatasi za watoto zenye wino wa siri wa maji ya limau. Baada ya na, kuna weupe tu.

Yale mengine niliyamalizia mimi.

Miaka hamsini na miwili umenijua, Nesta. Uliwahi kunisikia nikisema uongo, hata wa adabu, hata kwa mchungaji kuhusu mahubiri yake? Nilikaa na kalamu kuanzia baada ya kukamua mpaka chai ikapoa mara mbili. Kuhusu blanketi na vidole sikuficha. Uongo mtupu angeunusa, huyo naye ni mtu wa mkiani, kazi yake ni kutoamini. Nilimchanganyia kama tunavyochanganya siagi ya mgao na majarini, ili ladha ya kweli itangulie.

Labda ni kweli alijua na akaenda kwa hiari. Labda alidhani kweli ni zamu yake. Labda alikwenda kwa hasira, akasimama pale kando ya kitanda akimlaani kwa matusi yale mawili. Sitajua kamwe, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko kifo chenyewe, maana kifo angalau kina tarehe. Lakini yule kijana alikuwa ananiomba ruhusa ya kufa, Nesta. Alikuja kuiomba kwangu kwa kuwa hana mama mwingine wa kumwomba. Nami nimeshatoa Jones mmoja.

Usije ukadhani nimemsamehe. Sijamsamehe. Nilitaka niandike mwishoni "msimlaumu", kalamu ikakataa. Hilo kama Ifor anataka kulisema, atalisema mwenyewe watakapokutana, na ninaomba iwe baada ya miaka mingi.

Jana jioni nilimwanzishia soksi, kwa sababu kule juu ni baridi na zile za kwake nimeziona. Nilipofika ukingoni nilisimama kwa muda mrefu, sufu imo vidoleni. Kisha nikatia uzi mwekundu.

Dada yako,
Lowri